Bakia ya Haji Dubow

Vijana wangu, kwanza niwaombe radhi. Mwezi uliopita mlinialika pale ukumbini Iftin, mkanikalisha kiti cha mbele, mkaniletea chai ya maziwa ya ngamia, na mmoja wenu, yule msichana wa miwani, akaniita adeer, yaani ami, akaniuliza swali la heshima kabisa: "Adeer, nyinyi mlikuwa na ng'ombe, mbuzi na ngamia wote hawa. Mbona hamkujenga kiwanda cha ngozi hapa Garissa?" Nikakohoa. Nikataja serikali, nikataja barabara, nikataja usalama, nikataja soko huria, mkanipigia makofi, nikaketi. Yote niliyosema ni kweli. Lakini lipo moja sikulisema, na tangu siku hiyo halinipi usingizi wa mchana, ambao kwa umri wangu ndio usingizi wenyewe.

Kiwanda kile kilikaribia kujengwa. Kilikaribia hata Haji Dubow alikwisha kunionyesha mahali ambapo mlango mkubwa ungekaa. Kilikosekana kwa neno moja, na neno hilo lilipita kwenye sikio langu mimi, hili la kulia. Sasa kaeni niwaeleze. Simu wekeni kando kidogo, hazitakimbia.

Mimi ni Komora, mtu wa Madogo, ng'ambo ya daraja. Kwetu ni wakulima wa mtoni, ndizi na mahindi. Ngozi nilikutana nayo bara, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja jina kwa sababu waliokifunga bado wako hai na wanapenda kwenda kortini. Nilifanya kazi mle tangu nikiwa kijana asiye na ndevu. Palikuwa na mapipa ya mbao makubwa kuliko chumba, yanazunguka mchana kutwa, ndani yake ngozi zinagongana na maji na dawa, na mlio wake ni kama mtu mnene anayegeuka kitandani. Watu wakipita nje walikuwa wanaziba pua. Mimi harufu ile naitamani hadi leo. Msinicheke. Naitamani hasa, kwa sababu ilikuwa harufu ya ngozi ya ng'ombe wa mtu wa hapahapa ikigeuka kuwa kiatu cha mtu wa hapahapa, na mimi niko katikati, mikono imekunjamana, nimevaa gambuti.

Halafu ikaingia miaka ya tisini na maneno yake mapya. Tukaambiwa soko sasa ni huru. Ngozi ghafi, yaani ile ambayo haijaguswa na kiwanda, ikaanza kupanda meli Mombasa bila kizuizi. Upande wa pili vikashuka viatu vya mitumba, marobota kwa marobota. Kiwanda chetu kikabanwa huku na huku. Mapipa yakasimama moja baada ya jingine. Siku ya mwisho msimamizi alitupa mkono wa kwaheri na kila mmoja jozi moja ya viatu, vyangu vikiwa vyote vya mguu wa kushoto. Nikarudi Madogo navyo hivyohivyo.

Haji Dubow ndiye aliyeniokota. Alikuwa na banda la ngozi mjini Garissa, nyuma ya soko la mifugo: kuta za mabati, paa la mabati lenye matundu, na ndani ngozi zimepangwa hadi kichwani. Mtu mrefu, mkavu, ndevu nyekundu za hina, sauti ya kumwita ngamia aliyepotea. Hakuwahi kukaa darasani, lakini alikuwa akigusa ngozi kwa kidole gumba huku amefumba macho, anakwambia ng'ombe huyu alikufa kwa kiu, huyu alichinjwa, huyu aliumwa na kupe. Mimi niliyesomea mambo hayo nilikuwa nahitaji taa na dakika tano.

"Waryaa Komora," aliniambia siku ya kwanza, "wewe umetoka kiwanda. Mimi nataka kiwanda. Kaa na mimi."

Basi nikakaa.

Sasa hapa lazima niwaeleze Kiswahili cha Haji, kwa sababu bila hicho hamtanielewa. Nyinyi mmesoma, ndimi zenu zimenyooshwa shuleni. Haji alikuwa mtu wa zamani, na Kisomali hakina *p*, wala *v*. Kwa hiyo kwake viatu vilikuwa "fiatu," kupima ni "kubima," panga ni "banga." Mengine nitawanyooshea mwenyewe ninapomnukuu, msije mkachoka. Mimi sikuwa na habari. Wiki ya kwanza kabisa, adhana ya adhuhuri imeshaadhiniwa, Haji anakimbilia msikitini, akageuka mlangoni akanipigia kelele: "Komora! Mutua anakuja na lori. Wewe bakia!"

Nikabakia. Mutua, dereva wetu Mkamba, akaja na lori akalisogeza mlangoni. Akaniuliza tunafanyaje. Nikamwambia mimi nimeambiwa nibakie, nawe naona ubakie tu. Tukabakia wote wawili. Tukaagiza chai. Tukala mahamri. Mutua akalala chini ya lori. Haji aliporudi baada ya alasiri akakuta lori tupu kama lilivyozaliwa.

"Nimekwambia bakia!"

"Nimebakia, Haji! Sijatoka hata kwenda haja!"

"Mbona lori tupu?"

"Sasa Haji, si umesema nibakie?"

Akashika kichwa. "Wallahi nitakufa mimi. Komora, nikisema bakia ni *bakia*, siyo bakia!"

Mutua alicheka hadi akakaa chini. Mimi ndipo nilipoelewa kwamba mzee wa watu alikuwa anasema *pakia*. Tangu siku hiyo nikajifungulia kamusi kichwani: kila *b* ya Haji naigeuza *p* kabla haijashuka moyoni. Akisema bakia, napakia. Akitaka kitu kisiguswe alikuwa anasema "wacha." Mwaka wa kwanza ulipokwisha nilikuwa nimezoea hata sikusikia tena kosa. Nilikuwa najivuna kwa hilo. Wafanyakazi wapya walikuwa wanakuja kwangu kuuliza, "Haji kasema nini?" nami nawatafsiria nimevimba kama balozi.

Tukaanza kazi ya kiwanda kabla kiwanda hakijawa. Hilo mlishike, nyinyi mnaoandika mipango ya viwanda kwenye kompyuta. Kiwanda cha ngozi hakianzi kwenye mashine, kinaanza kwa ng'ombe aliye hai. Sehemu bora ya ngozi ni mgongoni na kwenye mapaja, na wafugaji wetu ndipo wanapochoma chapa ya ukoo, kubwa, ionekane mbali. Ngozi nzuri ajabu, lakini katikati yake moto. Nikiishika najua papo hapo: hii haitakuwa kiatu, labda mkanda, labda hata mkanda hapana.

Aliyetusaidia katika hilo ni Eedo Halima, yaani shangazi Halima. Alikuwa mama wa makamo kutoka familia ya wafugaji, anauza maziwa sokoni, na ndiye aliyejua kutengeneza ngozi kwa njia ya kina mama wa huku: anatwanga gome la mgunga, analiloweka, anaitumbukiza ngozi mle siku kadhaa mpaka inatoka nyekundu, laini, haiozi. Mimi na cheti changu nilimkuta anafanya kwa sufuria na kinu kazi ambayo sisi bara tulikuwa tunaagizia dawa kutoka ng'ambo. Alinitazama nikijaribu kumfundisha, akaniachia nimalize, halafu akasema, "Umemaliza? Sasa niletee kuni." Nikamletea.

Eedo Halima ndiye aliyekuwa anakwenda kwenye visima kusema na wafugaji wahamishe chapa, wachome shingoni au mguuni chini. Wazee walikasirika. Chapa ni jina la mtu, unamwambiaje alihamishe? Siku moja nilimsikia akimjibu mzee mmoja mbele za watu: "Hapo unapochoma siyo ng'ombe. Unachoma kiatu cha mtoto wako." Mzee yule akatema mate, akaondoka. Baada ya miezi akatuletea ngozi tatu, chapa shingoni. Eedo Halima alizibeba mwenyewe begani kuziingiza bandani.

Halafu uchunaji. Wachinjaji walikuwa wanachuna kwa kisu chenye ncha, wana haraka ya nyama, ngozi inatoka imejaa matundu. Tukawafundisha kutumia ngumi zaidi kuliko kisu: ukishafungua tumbo, sukuma kwa ngumi, ngozi inaachia yenyewe. Halafu ukaushaji. Desturi ilikuwa kutandika ngozi chini juani, nayo ardhi ya Garissa mnaijua, ngozi inaiva kama chapati, juu ngumu na ndani imeoza. Sisi tukajenga fremu za miti chini ya kivuli cha makuti, tukawa tunaiwamba ngozi kwa kamba pande zote, upepo unapita juu na chini. Inachukua siku nyingi zaidi. Lakini ukiigonga kwa ukucha inatoa sauti moja kote kote, na hapo unajua ni daraja la kwanza.

Haji alikuwa akipita kati ya fremu zile asubuhi mikono nyuma, anatazama tu. Akisimama pale kwenye uwanja wa nyuma ananiambia: "Hapa mlango. Hapa biba zako zinazunguka." Biba ni mapipa. "Hapa wasichana wanashona fiatu. Watoto wa Garissa hawaendi Nairobi kulinda mlango wa watu." Mimi nilikuwa namtazama na najiona nimevaa gambuti tena. Nilikuwa na miaka ya kutosha kujua kwamba ndoto za namna hii huvunjika, nikaiota vilevile.

Baada ya kuandika barua nyingi, ambazo mwandishi wake ni mimi, tukajibiwa. Watu wa serikali wanaopanga mambo ya viwanda wangekuja kutazama. Walikuwa wanachagua mahali pamoja pa kuweka kiwanda kidogo cha ngozi cha majaribio, na Garissa ilikuwa kwenye orodha yao. Wanataka kuona jambo moja: je, huku kweli inapatikana ngozi safi, ya kiwango cha kiwanda, au ni maneno?

Tukachagua mia mbili. Ngozi za ng'ombe, zote za kivulini, zote chapa shingoni au hazina chapa, hata moja haina tundu la kisu. Ilituchukua misimu miwili kuzikusanya. Nilizipanga mwenyewe kwenye kona kavu ya banda, nikazifunika turubai. Mtu akizisogelea na sigara nilikuwa namfukuza kwa ufagio.

Haji akataka hotuba. "Niandikie Kiswahili kizuri," akasema, "siyo hii yangu ya soko." Nikamwandikia, nikamsomea, naye akawa anakariri huku anatembea. Palikuwa na maneno haya: *Ngozi zetu zibakie hapa. Kazi zibakie hapa. Vijana wetu wabakie hapa.* Akayapenda mno. Akaniuliza hilo "zibakie" ni nini. Nikamweleza: maana yake zisiondoke, zikae. "Ah! Kama wacha." "Ndiyo Haji, lakini hili ni tamu zaidi." Kutwa akawa analisema peke yake, zibakie, zibakie, kama mtoto aliyepewa pipi. Mimi nafurahi. Mwalimu gani hafurahi?

Sasa njooni kwenye wiki yenyewe.

Ilikuwa ule mwaka wa mvua kubwa. Wageni wanatarajiwa Alhamisi. Haji alikuwa amekwenda Dadaab na Ifo, kwa sababu kwenye kambi za wakimbizi walikuwa wanachinja sana na alitaka kupanga na wachinjaji wa kule watuletee ngozi siku kiwanda kikianza. Jumatatu mbingu ikafunguka. Paa letu lile la matundu likawa chujio. Tukahamisha ngozi kutoka kona hii kwenda kona ile, maji yanatufuata. Ngozi kavu ikilowa namna hiyo imekwisha, inaanza kuoza na nywele zinang'oka kwa vidole. Jumanne asubuhi Mutua akaja na lori, turubai zima, anakwenda Mombasa kwa mnunuzi wetu wa kawaida wa ngozi ghafi, na akasema leo ndiyo mwisho, mto unapanda, barabara itakatika. Akaniuliza, "Na hizi mia mbili? Ziende au zioze?"

Nikaona wageni hawaji. Barabara ikikatika watakuja kwa mbawa? Lakini sikuthubutu kuamua mwenyewe. Nikakimbia hadi kwenye taari, ile redio ya kupigia simu za mbali, kibanda karibu na stendi, watu wamejipanga kuongea na ndugu zao kambini. Nikamwomba mwenye taari amtafute Haji Dadaab. Kwenye taari ukimaliza kusema lazima useme "ova," ndipo mwenzako ajibu. Baada ya muda mrefu sauti yake ikaja, imekatikakatika, inavuma kama mtu aliye ndani ya debe.

"Haji! Mvua inaingia bandani! Lori la Mutua liko hapa! Zile mia mbili tuzifanyeje? Ova!"

"Komora! Zibakie! Zote zibakie! Ofa!"

"Zote, Haji? Zipakie zote? Ova!"

"Ndio, waryaa! Zibakie! Usichelewe na turubai! Ofa!"

Mnaliona? Mimi nimeuliza kwa *p* yangu safi ya Madogo, naye sikio lake halina mahali pa kuiweka hiyo *p*, amesikia *b*. Naye amejibu kwa *b* ya kweli, Kiswahili fasaha, neno nililomfundisha mimi mwenyewe na kumsifia utamu wake, na mimi kwa kujua kwangu kwingi nikaligeuza *p* kabla halijashuka moyoni. Turubai alilotaja ni la kufunika ngozi bandani. Mimi nikaona la lori. Kila mmoja alimwelewa mwenzake kabisa.

Nikarudi mbio. Tukapakia. Nilizishika moja moja, nikamsihi Mutua asiweke kitu juu yake. Saa nane lori likavuka daraja. Nikasimama nikilitazama, na moyo uliniuma kidogo, lakini nilijiambia angalau hazitaoza, tutakusanya nyingine.

Alhamisi asubuhi jua likatoka. Haji akafika akiwa juu ya lori la maji kutoka Dadaab, matope hadi magotini, anacheka kutoka mbali. Ananiambia wageni wanakuja kwa ndege ndogo, ameambiwa kwenye taari, wako njiani, na mimi niwe nimefungua madirisha. Ndege! Hata siku moja sikuwa nimefikiria ndege. Akaingia bandani. Akaenda moja kwa moja kwenye kona.

"Komora, ngozi iko wapi?"

"Nimezipakia Haji. Kama ulivyosema."

"Nilisema zibakie."

"Ndiyo, Haji, zi..."

Na hapo ndipo nililisikia. Siku mbili baadaye, nimesimama kwenye banda tupu, ndipo neno lilipofika. Nikaketi kwenye gunia la chumvi. Haji alinitazama. Nilisubiri matusi, na Haji alikuwa na matusi mazuri sana kwa lugha mbili. Hakutukana. Alikwenda nje, akanawa miguu, akabadilisha kikoi, akachana ndevu.

Wageni walikuwa watatu. Mkubwa wao, bwana mmoja mwenye tai. Kijana mwenye daftari. Na mama mmoja mhandisi, mkoba mkubwa wa ngozi begani, ambaye ndiye peke yake aliyegusa vitu. Aligusa fremu, akavuta kamba, akainusa ile ngozi nyekundu ya Eedo Halima na kumuuliza juu ya magome maswali ya mtu anayejua. Haji akawaingiza bandani, akasimama mbele ya kona tupu, akatoa hotuba yake yote. Ngozi zetu zibakie hapa. Kazi zibakie hapa. Vijana wetu wabakie hapa. Hakukosea hata neno. Nilitamani ardhi inimeze.

Bwana mwenye tai akauliza kwa upole, "Ziko wapi sasa hizo ngozi, Haji?"

"Zimekwenda Mombasa."

"Nani alizipeleka?"

Nikafungua mdomo. Haji akanitangulia. "Ni mimi nilisema," akajibu.

Yule mama mhandisi alimtazama Haji, akanitazama mimi, akashika mkoba wake kama anayetaka kuufungua. Halafu bwana mwenye tai akatazama saa, akasema rubani anahofia mawingu. Walikunywa soda wakiwa wamesimama, wakaenda zao. Kiwanda cha majaribio kilipelekwa kwingine. Sikuwahi kuuliza wapi, wala sikuambiwa.

Sikutoka kwa Haji, wala hakunifukuza. Wiki nzima sikuweza kumtazama usoni. Ijumaa moja akaniita, akamimina chai, akaniambia, "Komora, sikiliza. Wale walikuja kutembea tu. Ndege, soda, picha. Hata ngozi ingekuwa hapa wangesema barabara mbaya, wangesema maji machafu, wangesema sisi ni watu wa bunduki. Hakuna kitu umevunja." Nikamuuliza, "Unaamini hivyo, Haji?" Akasema, "Wallahi naamini." Nikalia, mtu mzima na watoto wangu. Tukarudi kwenye kazi ya kuuza ngozi ghafi, lori baada ya lori, na fremu za kivulini zikaliwa na mchwa kwa sababu mnunuzi wa Mombasa alikuwa halipi zaidi kwa ngozi nzuri. Eedo Halima aliendelea kuloweka ngozi zake kwa ajili ya vyombo vya maziwa, na kila akiniona ananiuliza kama nimemletea kuni. Haji alifariki nami nikiwa nimemshika mkono. Maneno yake yale ya chai niliyatumia miaka mingi. Nikizidiwa, nayatoa najiambia: wangekataa tu. Yamenisaidia kulala, sitawadanganya.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Nairobi kutibiwa macho. Tumepangwa kwenye benchi refu, kila mtu na kadi yake, na karibu yangu mama mmoja mzee, kitambaa cheupe jichoni. Tukaanza maongezi ya wagonjwa: unatoka wapi, nini kinakusumbua. Nikamwambia Garissa. Akatabasamu.

"Garissa niliwahi kufika mara moja, zamani za mvua. Nilikuwa mhandisi serikalini. Tulikwenda kutazama mahali pa kiwanda cha ngozi."

Nikaiweka kadi yangu gotini. Akaendelea mwenyewe, kwa jicho lake moja anatazama ukuta.

"Palikuwa na mzee mmoja ana ndevu nyekundu. Alinipa huzuni sana. Jinsi alivyopanga fremu zile, na yule mama wa magome! Tulikuwa tumeshaamua Nairobi kwamba ni Garissa. Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu, imepigwa chapa, imetiwa muhuri, inangoja sahihi ya mkubwa wangu tu. Alisema akiona hata ngozi hamsini safi, anatia sahihi palepale. Tukakuta banda tupu. Nilitaka kumwonyesha yule mzee ile barua, ajue alivyokaribia. Nikaona ni ukatili."

Wakaita namba ya mtu mwingine. Benchi lote likasogea nafasi moja, nasi tukasogea. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyezipakia."

Aligeuka akanitafuta kwa lile jicho moja. Sikumweleza habari ya *p* na *b*, nguvu hizo sikuwa nazo. Naye hakuuliza kwa nini. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, hapa, penye makovu ya chokaa ya kung'olea nywele za ngozi, na mtu wa kazi hiyo anajua makovu yale ni ya nini.

"Zilikuwa nzuri?" akauliza.

"Zilikuwa nzuri, mama," nikamwambia. "Zilikuwa nzuri sana."